Abiria wa Namanga

Saa hizi kuna basi limeshaiacha Longido nyuma, linaitafuta Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kondakta anakumbusha: pasipoti mkononi, kadi ya homa ya manjano iwe karibu, kila mtu ashuke na mzigo wake.

Tangu Desemba 2018, Marais Magufuli na Kenyatta walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, abiria anayekwenda Nairobi humaliza yote katika jengo moja, upande wa Kenya. Ofisa wa Tanzania anamtoa, wa Kenya anampokea. Zamani ulipanga foleni ya kwanza huku, ukavuka na begi lako juani, ukapanga ya pili kule.

Wenye umri wanakumbuka makubwa zaidi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka huu ukafungwa hadi 1983. Miaka sita! Nani angemweleza bibi wa Kimaasai, mwenye binti aliyeolewa Kajiado, kwamba kwenda kumwona mjukuu sasa ni suala la serikali? Wakubwa waligombana, na kina bibi ndio waliolipa. Mimi hilo linaniuma hata leo.

Kwa hiyo wewe uliye safarini asubuhi hii, ukimwona mama mwenye mtoto mgongoni bado yuko kwenye dirisha la uhamiaji wakati dereva anapiga honi, mwambie dereva asubiri. Tena mpokee mtoto, mama ajaze fomu yake. Safari njema.