Kamera na Askari Penye Taa Nyekundu: Ni Yupi Aaminiwe?

Jumanne moja, baada ya kitabu kufungwa na kahawa kuletwa, mwenzetu mmoja aliyerejea karibuni kutoka Marekani, alikokwenda kumzuru mwanawe katika mji wa Chicago, alitutolea khabari iliyotusahaulisha kahawa yetu. Mwanawe aliletewa barua nyumbani, na ndani ya barua mlikuwa na picha mbili za gari lake: ya kwanza gari li nyuma ya mstari na taa imekwisha kuwa nyekundu, ya pili gari li katikati ya njia panda. Chini ya picha aliandikiwa atoe dola 100. Hapakuwa na askari aliyemsimamisha, wala filimbi iliyopulizwa, wala neno lililosemwa. Nusu ya darsa wakasema, "Laiti tungekuwa nayo hapa kwetu!" Nusu nyingine wakasema ni dhuluma mtu kuhukumiwa na kitu kisichoweza kuulizwa. Mjadala huo ulituchukua Jumanne tatu, na tumeona yafaa kuwaletea wasomaji wetu yaliyotupambanukia, pamoja na yale ambayo mpaka leo hatujaafikiana.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona jambo hili kuwa dogo, wakauliza taa ya barabarani ina uhusiano gani na uadilifu. Twawaomba wasifanye haraka. Taa nyekundu ni ahadi baina ya watu wasiojuana. Aliye huku asimama ili aliye kule apite, naye hamjui jina, wala kabila, wala dini. Na huyo apitaye aitia roho yake na roho za watoto wake katika amana ya mtu ambaye huenda asimwone tena maishani. Avunjaye ahadi hiyo amekwisha kufanya khiyana, hata kama hakumgonga mtu. Basi kuuliza ni nani ailinde ahadi hiyo, binadamu au mashine, ni kuuliza ni nani akabidhiwe roho za watu.

Kamera hii si uzushi wa jana. Ilianza Uholanzi mwaka 1965, na walioitengeneza ni kampuni aliyoiasisi Maurice Gatsonides, dereva wa mashindano aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953. La kuchekesha ni kuwa bwana huyu alikibuni chombo chake cha kwanza ili apime mwendo wake mwenyewe katika kona, apate kukimbia zaidi! Chicago waliianza mwaka 2003. Kazi yake ni nyepesi kuifahamu: mara nyingi nyaya hufukiwa chini ya lami karibu na mstari wa kusimama, gari likipita juu yake na taa ni nyekundu, kamera hupiga picha, nambari ya gari husomwa, na barua hupelekwa kwa mwenye gari. Kamera haijui ni nani aliyekuwa akiendesha, wala haijui kwa nini alipita.

Tuanze na hoja ya wanaoitaka, kwani ni hoja nzito, nayo yatugusa sisi wenyewe. Hakuna mwenye gari katika pwani yetu asiyejua maana ya neno "chai" likitamkwa kando ya barabara na mtu aliyevaa sare. Tumezoea kuulaumu mkono upokeao, ilhali hongo ina mikono miwili. Katika darsa yetu tuliulizana, kila mtu na ukweli wake, ni nani ambaye hajapata kutoa. Tulikuwa watu 11. Walioinua mikono walikuwa wawili, na mmoja wao hana gari. Twayaandika haya kwa aibu. Sisi tukaao mbele ya watoto kuwafundisha amana ndio sisi tushushao kioo cha gari na kutoa noti iliyokunjwa, kisha tukajisamehe kwa kusema tulikuwa na haraka. Kila noti tuitoayo humfundisha askari kuwa sheria ni bidhaa, na humfundisha masikini asiye na noti kuwa sheria imewekwa kwa ajili yake yeye peke yake. Matatu iliyojaza kupita kiasi huenda zake. Mwenye mkokoteni ndiye asimamishwaye.

Kamera haipokei noti. Haina mjomba wala mtu wa kwao, wala haibabaiki ionapo gari la mkubwa. Na jingine ambalo sisi hatukulifikiria mpaka mwenzetu alipotukumbusha: kamera haina bunduki. Mwezi wa Julai 2016, katika jimbo la Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi aliyefanya kazi katika jiko la shule, alisimamishwa barabarani na askari, na sababu aliyoambiwa ilikuwa taa ya nyuma ya gari lake. Haukupita muda akapigwa risasi akafa, na mchumba wake na mtoto mdogo wamo garini. Kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kusimamishwa zaidi ya mara 40. Askari yule alishtakiwa, na mwaka 2017 akaachiliwa. Mzee mwenye mwana mweusi katika nchi ile ana haki ya kusema kuwa barua ya dola 100 ni rehema.

Lau mambo yangekoma hapo, tungeiweka kalamu chini. Lakini turudi Chicago kwenyewe tuangalie yaliyotokea. Mwaka 2012 gazeti la Chicago Tribune lilianza kufichua uchafu uliokuwamo katika mpango wa kamera hizo. Ikadhihirika kuwa John Bills, afisa wa mji aliyekuwa akizisimamia, alikuwa akila fedha na zawadi za kampuni ya Redflex, ambayo ndiyo iliyopewa kazi hiyo. Mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Na Karen Finley, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo Marekani, akahukumiwa miezi 30. Zingatieni jambo hili. Kamera hazikuhongwa hata moja. Aliyehongwa ni mwenye kuamua ziwekwe. Kwa hivyo asemaye kuwa mashine humwondoa binadamu hakusema kweli; humhamisha tu. Humtoa kando ya barabara, ambako mchuuzi wa mahamri na kila mpita njia humwona mkono ukiingia mfukoni, akamtia ofisini nyuma ya mlango, ambako hakuna amwonaye. Askari wa kwetu hula noti ya dereva mmoja, na dereva huyo huenda mbio kuhadithia. Bwana yule wa Chicago alikula miaka mingi, na mji mzima ukitumiwa barua.

Tena kuna khabari ya taa ya manjano, na hii ndiyo iliyotukalia rohoni zaidi. Chicago taa ya manjano huwaka sekunde 3 kabla ya nyekundu. Mapema mwaka 2014 kazi ilipohamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine, faini zikaanza kutolewa hata pale kipimo kilipoonyesha sekunde 2.9. Tofauti yenyewe ni muda wa kupepesa jicho. Mkaguzi mkuu wa mji alipotoa ripoti yake mwezi wa Oktoba mwaka huo, ikaonekana kuwa kwa upenyo huo mdogo zilitoka faini zipatazo 77,000, zenye thamani ya dola milioni 7.7. Madereva hawakuwa waovu zaidi mwezi ule kuliko mwezi uliotangulia. Ni mizani iliyopunguzwa. Sisi watu wa miji ya biashara twaijua vyema hila ya mwenye duka ambaye hasemi uwongo hata neno moja, ila amelikwangua jiwe lake la mizani kwa chini.

Huenda mtu akasema, "Hata hivyo, je, hazikuokoa watu?" Swali ni la haki, na jawabu lake si jepesi. Mwaka 2014 wataalamu wa Texas A&M, kwa kutakwa na gazeti lile lile, walizipima kamera za Chicago wakaona kuwa ajali za kugongana ubavu zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 15, na zile za kugongwa kwa nyuma zikazidi kwa asilimia 22, kwani mtu aiogopaye picha hufunga breki ghafula. Taasisi ya bima za barabara ya Marekani ilitoa uchunguzi mwaka 2016 ikasema miji iliyozizima kamera zake ilizidiwa na vifo vya wavunjao taa kwa asilimia 30 kuliko vile ambavyo vingetarajiwa. Na huko Houston, ambako wapigaji kura walizikataa mwaka 2010, wanachuoni wawili wa uchumi waliandika mwaka 2020 kuwa hawakuona dalili kwamba kamera zilipunguza jumla ya ajali wala ya majeruhi. Sisi twaona kugongwa ubavuni ni hatari zaidi kuliko kugongwa nyuma, na kwa hivyo hatuwezi kuwadharau wanaozitaka. Lakini aziletaye kwa jina la kuokoa roho yampasa atuonyeshe roho zilizookolewa, asituonyeshe hesabu ya fedha.

Wengine katika sisi walidai kuwa kamera, kwa kuwa haioni rangi ya mtu wala vazi lake, yatosha kuwa ndiyo insafu yenyewe. Hilo nalo lina dosari. Mwaka 2022 waandishi wa ProPublica walionyesha kuwa Chicago, kaya za mitaa ya watu weusi na ya wenye asili ya Amerika ya Kusini zilipata faini za kamera kiasi cha mara mbili ya kaya za mitaa ya weupe, ijapokuwa kamera zilitawanywa karibu kwa usawa. Sababu mojawapo ni kuwa mitaa hiyo ilipewa barabara pana, zenye njia nyingi, karibu na barabara kuu, ambazo humvuta dereva kwenda mbio. Jicho liliona sawa. Kilichopindika ni barabara, na aliyeipinda aliipinda zamani. Kosa la mjenzi likalipwa na mkazi.

Sasa tuje kwa askari na lile alilo nalo ambalo mashine haina. Mwenzetu mmoja, mtu mkimya, alingoja Jumanne ya tatu ndipo akasema. Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, alimpakia mkewe mwenye uchungu wa kuzaa, akapita taa nyekundu barabara i tupu. Askari akamsimamisha. Akamulika kurunzi ndani, akamwona yule mwanamke, akasema, "Nenda, bwana, na Mungu awe nawe," kisha akatangulia na pikipiki kuwafungulia njia. Mtoto aliyezaliwa usiku ule sasa ni mwalimu. Tulinyamaza. Kisha mwingine, ambaye ulimi wake haukawii, akasema, "Mlango ulioingia huruma hiyo ndio huo huo uingiao noti." Naye alisema kweli. Uwezo wa kusamehe na uwezo wa kuuza msamaha ni uwezo mmoja, na hatujui namna ya kumpa mtu huu tukamnyima ule, illa awe na khofu ya Mungu moyoni mwake.

Kuna waliopinga kamera kwa kusema ni upelelezi. Hoja hiyo hatukuikubali. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoeleza kazi ya muhtasib alipambanua baina ya maovu yaliyo dhahiri na yale yaliyofichwa majumbani. Ya kwanza huyazuia, ya pili hana rukhsa ya kuyapekua. Njia panda si nyumba ya mtu. Afanyalo mtu pale alifanya mbele ya watu. Illa tu, picha hizo zisiwe za kufuatia nani alikwenda wapi na nani, hapo hukumu itageuka.

Na mashine peke yake haimtengezi mtu asiyetaka kutengea. Mwaka 2004, waziri John Michuki alipotilia nguvu sheria za matatu, kila matatu ilitiwa chombo cha kuzuia mwendo. Haukupita muda mrefu, kila fundi akajua waya wa kukata. Tena hapa kwetu, na Nairobi khasa, mara ngapi askari mwenyewe hutuamrisha kwa mkono tupite ilhali taa ni nyekundu, na sheria yatutaka tumtii yeye? Kamera itakayowekwa mahali kama hapo itamwandikia faini mtiifu.

Tumeafikiana hivi, wengi wetu, si sote. Mahali ambapo kosa ni moja, dhahiri, na huua, kama penye taa nyekundu, twaona kamera ni bora kuliko askari na noti yetu. Lakini iwe kwa masharti: kampuni isilipwe kwa hesabu ya faini, muda wa taa ya manjano utangazwe hadharani wala usiguswe kwa siri, fedha zisiingie katika mfuko wa wale wale waamuao kamera ziwekwe wapi, na barua impe mtu siku na mahali pa kwenda kusema udhuru wake mbele ya binadamu. Askari naye abaki kwa yale yahitajiyo macho na akili: mlevi, gari bovu, mtoto avukaye, msafara wa jeneza.

Tusiloafikiana ni hili la barua kuandikiwa mwenye gari. Mwenye matatu atapokea faini ya kosa alilofanya dereva wake, kisha atamkata dereva mshahara bila ya kumuuliza, na dereva atasema siku ile alikuwa mwingine usukani. Baadhi yetu wasema mwenye mali ni mdhamini wa mali yake. Wengine wasema hapana mtu alipiye dhambi ya mwenziwe. Tutalirudia Jumanne ijayo. Ama yule mwenzetu mkimya, tulimwuliza kama angeletewa barua kwa usiku ule angefanyaje. Akasema angelipa dola 100 na asinung'unike. Ila angetaka kwanza apate mtu wa kumweleza kuwa mtoto alizaliwa salama.