Jirani Yetu Ni Nani Hapa Nyankunde?

Tukizungumza juu ya mapendo ya Kikristo, mara nyingi tunaanza na mambo marahisi: mupokee mgeni, mumupe maji, mumupe pa kulala. Lakini wazee wetu walifanya vile hata mbele ya kusikia Injili. Mgeni hakuulizwa ukoo wake mbele hajakula. Desturi ile ni nzuri, ila ilikuwa na mpaka: ilikuwa ya mgeni, haikuwa ya adui. Pale kwenye mpaka ndipo swali letu linaanza.

Nyankunde iko kwa Wabira, lakini lopitalo ya Kiinjili, iliyounganisha misioni mbalimbali katika miaka ya 1960, haikuwa ya Wabira peke yao. Wahema, Walendu, Wangiti, Wanande, Wakatoliki, Waislamu, hata wenye kufwata mambo ya mababu, wote walikaa kwenye benchi moja. Muganga aliuliza: "Unaumwa wapi?" Hakuuliza: "Wewe ni wa nani?"

Tarehe 31 Agosti 2002, askari wa UPC na wenzao waliua Wangiti wengi pa Songolo. Siku tano kisha, tarehe 5 Septemba, ikawa zamu ya Nyankunde. Swali lile la "wewe ni wa nani?" likaingia mpaka ndani ya vyumba vya wagonjwa, na jibu lake lilikuwa kifo. Hesabu iliyoandikwa inapita watu 1000. Waliopona, wengi walitembea kwa miguu mpaka Oicha, karibu kilomita 150.

Tunapenda kusema "wale waliokuja" kama vile walikuwa watu wasiojua Mungu. Hapana. Pande zote kulikuwa waliobatizwa, na nyimbo za kanisa walizijua kama sisi. Basi shida haikuwa tofauti ya imani. (Na tuseme wazi: Waislamu wa Bunia, ambao wengine wetu tunawaepuka, hawakuanzisha vita hii.)

Mfano wa Msamaria tunausoma vibaya. Kila mara tunajiweka mahali pa yule mwenye punda, mwenye huruma na feza. Lakini aliyelala njiani ndiye aliyepashwa kukubali mkono wa mtu ambaye kwao walimuzarau. Je, sisi tungekubali kufungwa vidonda na Mungiti? Na Mungiti, angekubali mkono wa Muhema? Kutoa ni rahisi kuliko kupokea, sababu mwenye kutoa anabaki mkubwa.

Wengine wanasema huruma ya namna hii ni kusahau wafu. Sisi hatukubali. Mwaka 2014 korti ya La Haye ilimuhukumu Germain Katanga juu ya Bogoro. Hukumu ile haikuhusu Nyankunde. Kudai haki si zambi, na mwenye kudai anaweza kutibu. Ila hatusemi ni kazi nyepesi.

Infirmié mmoja, aliyepoteza ndugu zake 2002, alituelezea siku alipoletewa mugonjwa kutoka upande wa wale waliomwaga damu ya kwao. "Nilimuchoma sindano, mkono ukitetemeka," alisema. "Kisha nikatoka inje, nikalia sana."

Tukamuuliza: sasa kesho yake?

"Nilirudi tu. Dawa ilikuwa ya siku saba."