Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Sayari isiyoonekana kwa macho



Juzi baada ya Tarawehe kijana wa kidato cha tatu alinifuata pale tunapovulia viatu. "Sheikh, wamegundua sayari zingine zinazoweza kuwa na maji. Kukiwa na viumbe huko, dini yetu inasemaje?" Nikamwambia aache mambo ya mitandaoni, akasome Qur'ani. Akainama, akaondoka. Jana hakuonekana msikitini. Wallahi sikulala vizuri. Mimi ni mwalimu, na lile lilikuwa swali, si utovu wa adabu.

Basi nikakaa kusoma. Iko nyota inaitwa TRAPPIST-1, mwanga wake huchukua miaka kama 40 kutufikia. Yaani unaopimwa leo ulitoka kule mimi bado sijaanza hata chuo cha alifu. Ni nyota ndogo, nyekundu, kwa upana inaizidi kidogo tu sayari ya Mshtarii. Mwaka 2017 Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na wenzake walitangaza kuwa ina sayari 7. Hakuna aliyeziona zenyewe. Walichoona ni mwanga wa nyota kupungua, chini ya asilimia 1, kisha kurudi. Halafu kupungua tena baada ya muda uleule. Ni kama mdudu anayepita mbele ya taa nawe uko mbali: mdudu humuoni, taa ndiyo inafifia kidogo. Kiasi cha kufifia kinaonyesha ukubwa wa sayari, na muda unaopita hadi ifife tena ndio mwaka wake.

Ya nne, wanayoiita e, inakaribia ukubwa wa dunia yetu, na iko umbali ambao maji yangeweza kubaki maji, ikiwa ina hewa ya kuifunika. Hilo la hewa bado wanalichunguza kwa darubini ya James Webb. Mwaka wake ni siku 6 tu. Na inadhaniwa upande wake mmoja umeielekea nyota daima, mchana usiokwisha. (Magharibi ya huko tungeingoja sana, uji ungepoa!)

Sasa jibu nililopaswa kutoa. Katika swala tano za faradhi tunasoma Fatiha mara 17, na kila mara tunamtaja Allah kuwa Mola wa walimwengu. Ni neno la wingi, na wafasiri wengi wamesema ni kila kisichokuwa Yeye. Wakiwepo viumbe huko, ni Wake. Ikiwa ni mawe matupu, ni Yake pia. Wanasayansi hawajasema kuna uhai. Na zile video za "Qur'ani ilishataja sayari 7" mimi sizisambazi. Mbingu saba ni jambo jingine, tusiisemee Qur'ani isichosema.

Kijana wangu, najua mama yako husoma hapa, atakufikishia. Nilikosea. Leo baada ya Alasiri nitakaa palepale penye viatu. Njoo na swali la pili.