Si Mimi, Ni Kompyuta

Neno hili lasikika mara nyingi siku hizi katika ofisi za wenye magari ya mizigo. Dereva arudi kutoka Tunduma, aenda kupokea mshahara wake, aukuta umepungua. Auliza sababu. Karani amwonyesha kioo cha mashine: "Kompyuta imekata." Dereva aenda kwa tajiri; naye tajiri, kwa upole kabisa, ajibu: "Ndugu yangu, si mimi, ni kompyuta."

Je, jibu hilo ni la kweli?

Tumfikirie tajiri wa namna hiyo, maana wako wengi. Alianza na lori moja na daftari moja. Mizigo ilipozidi, akanunua kompyuta ya kuandikia ankara. Baadaye akamwita fundi amtungie programu yake mwenyewe, si ile iuzwayo dukani, bali iliyoshonwa kwa kipimo chake kama kanzu. Mwaka baada ya mwaka akaiongezea: mara hati za forodha, mara mishahara, mara chombo kinachoonyesha lori lilipo, na kingine ndani ya tangi kinachopima dizeli. Hapo hatuna la kumlaumu. Wezi wa mafuta wamepungua (nao, tuseme kweli, walikuwapo), na mwenye shehena aliyeko Lubumbashi aweza kujua mzigo wake umefika wapi.

Lakini siku moja, pengine miaka kumi iliyopita, fundi alimwuliza: mafuta yakipungua kupita kiasi, tufanyeje? Tajiri, aliyekuwa amechoka kuibiwa, akajibu: akatwe dereva. Fundi akaandika hivyo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Mashine haikutunga amri ile. Ililishika tu neno la bwana wake, ikalirudia kila mwisho wa mwezi, hata baada ya yeye mwenyewe kulisahau. Asemapo "si mimi", ajikana nafsi yake.

Na neno lenyewe lilikuwa fupi mno. Lori lenye shehena likipanda Kitonga halinywi mafuta sawasawa na lori tupu literemkalo. Foleni ya mpakani yaweza kula siku nzima, injini ikiwashwa na kuzimwa kila hatua chache. Karani wa zamani aliyajua hayo kwa sababu alimsikiliza dereva. Fundi hakuyaandika, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Jambo la namna hii limetokea Uingereza kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1999 Posta ya nchi hiyo ilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Mfumo huo ulionyesha upungufu wa fedha katika posta ndogo ndogo, na hadi mwaka 2015 wasimamizi zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa makosa kama wizi na hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wako waliojiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mamia. Miaka yote hiyo watu wenye dhamana walikuwa na masikio, wala hawakuyatumia.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mashine ni msaidizi wa mfanyakazi, lakini yaweza pia kugeuka kuwa kama adui yake. Basi aigeuzaye ni nani? Kanisa lahesabu kumdhulumu kibarua ujira wake kuwa miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu, na dhambi hiyo haina mahali pa kukaa ndani ya chuma.

Tajiri akiguswa dhamiri, kuibadili amri ile ni kazi ya fundi ya mchana mmoja. Kurudisha kilichokatwa bila haki ni jambo zito zaidi, nalo si la hiari. Wapo madereva waliokwisha kuacha kazi. Wapo waliokufa, na wajane wao wako Makambako na Mbeya. Wala hawezi kusema kwamba hajui adaiwa na nani, au kiasi gani. Mashine ile ile iliyokata imeyatunza majina yao yote, na tarehe, na shilingi.