Wakili Asiyejua Nia

Mpwa wangu, aliyehamia Marekani angali kijana, na ambaye hununua na kuuza hisa kwa simu yake ya mkononi, alinisimulia mkasa uliomfika Jumatatu ya tarehe 24 Agosti 2015, nami tangu siku hiyo sijaacha kuutafakari, kwani ndani yake naliona suala ambalo maulamaa walilijadili karne nyingi kabla haujapatikana umeme.

Alikuwa na vipande 100 vya mfuko mmoja wa hisa, na Ijumaa iliyotangulia kila kipande kilisimama kwa dola 75. Akiwa mtu wa tahadhari, alimwachia dalali wake wa mtandaoni agizo kwamba bei ikishuka hadi 70 vyote viuzwe, akalala. Soko la New York lilipofunguliwa, wakati huku kwetu Mombasa ni saa kumi na nusu alasiri, kipimo cha Dow kilianguka zaidi ya pointi 1,000 kwa dakika chache, na biashara ya hisa moja moja ikasimamishwa kwa lazima zaidi ya mara 1,200 siku hiyo. Bei ilipoteremka ikapita 70, agizo lake liligeuka kuwa amri ya kuuza kwa bei ya soko, yaani kwa yeyote aliyepo na kwa chochote atoacho. Na aliyekuwapo alitoa 52. Kabla ya adhuhuri ya huko mfuko ulikuwa umerejea 73. Alipolalamika akajibiwa, kwa adabu kamili, kwamba agizo limetekelezwa kama lilivyoandikwa.

“Mjomba,” akaniuliza, “nimeibiwa, au nimejiibia?”

Sisi watu wa pwani, ambao aghalabu ni wafuasi wa Imamu Shafii, tumerithi jawabu lililo wazi: mtu akimpa mwenziwe uwakala wa kuuza mali pasi na kumtajia bei, wakili hana ruhusa ya kuiuza kwa hasara iliyopita kiasi, bali amefungwa na thamani ya mithili, ile bei ambayo mali ya namna hiyo huuzwa baina ya watu, kwa sababu ada humsemea aliyenyamaza. Imamu Abu Hanifa aliona vingine: neno lililoachwa bila mpaka halina mpaka, na wakili aweza kuuza kwa kingi au kwa kichache, ingawa wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata katika hilo. Basi mashine ya dalali, isiyopata kukalia mkeka wa darasa hata siku moja, imejikuta katika madhehebu ya Abu Hanifa, tena bila ya fadhila aliyokuwa nayo yule bwana mkubwa, aliyemfikiria wakili mwenye macho na haya.

Na hapo ndipo penye uzito. Sahaba Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja anunue kondoo, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake, akaombewa baraka. Aliivuka lafudhi kwa kuwa aliifahamu nia. Mashine haina njia ya kuvuka, maana zaidi ya lafudhi haioni kitu.

Ataniambia mtu: thamani ya mithili ni ipi, ikiwa soko lenyewe limerukwa na akili? Hoja hii siidharau. Lakini mfuko ule ni kapu, na thamani ya kapu hutokana na vilivyomo. Asubuhi ile hisa nyingi zilichelewa kufunguliwa, na waliozoea kulipima kapu kwa vilivyomo wakarudi nyuma. Kwa hiyo thamani ilikuwapo. Taa ndiyo iliyozimwa. Wamarekani wenyewe, baada ya mporomoko wa tarehe 6 Mei 2010, walibatilisha mauzo yaliyokwenda kombo kwa asilimia 60 au zaidi, wakayaacha yaliyopungua hapo. Majalla, kitabu cha sheria cha Dola ya Uthmani kilichoandikwa karne ya 19, iliihesabu tofauti ya asilimia 5 katika bidhaa za kawaida kuwa ghabni, yaani punjo, ya kupindukia. Mpwa wangu alipoteza kama robo ya bei aliyoitaja: kwa kipimo cha Majalla amepunjwa mara tano ya kiasi, na kwa kipimo kile cha 2010 hata mlangoni hafiki.

Hata hivyo sikumpa ushindi upesi, kwa kuwa Mashafii husema pia kwamba mwenye mali akitamka, “Uza kwa kadiri upendayo,” wakili amefunguliwa kamba. Nikamuuliza kama aliwahi kutamka hivyo. Akacheka, akanionyesha masharti ya dalali kwenye simu, akiyasukuma juu kwa kidole gumba hadi nikachoka kutazama. Mahali fulani katikati maneno hayo yalikuwapo, na mwishoni palikuwa na kitufe alichokibonyeza mwaka aliofungua akaunti. Mimi siiti hiyo ridhaa, kwa kuwa aliyebonyeza hakujua anaridhia nini. Lakini kadhi wa huko, nadhani, angeiita.

Siku hizi mpwa wangu hutaja bei mbili: ikigusa 70 uza, lakini usishuke chini ya 68. Anajua kwamba siku moja bei itairuka 68 kwa hatua moja, agizo libaki halina mnunuzi, na vipande 100 vibaki mikononi mwake vikiporomoka.