Mali Bila Daftari: Minazi ya Kaloleni na Pesa za Simu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu akiuliza maana yake darasani, mwanafunzi hujibu kwamba mfanyabiashara anapaswa kuandika hesabu zake, na hupewa alama zote. Kwangu mimi jibu hilo limegusa nusu ya kwanza tu. Uzito wa methali umelala katika nusu ya pili. Duka likiungua, moshi huonekana na majirani hukimbia na ndoo. Mwizi akivunja mlango, asubuhi kijiji kizima kinajua. Hasara inayosemwa hapa haina ukunga. Mwenye mali yupo siku zote, mkono unaotoa ni wake mwenyewe, na siku anayogeuka kutazama hapati wa kumlaumu wala pa kuanzia kutafuta.

Inasikika kama methali ya watu wa jahazi na duka. Hata hivyo, mahali ninapoiona ikidhihirika kuliko pote ni juu ya matuta ya Kaloleni, pwani ya Kenya, katikati ya minazi.

Kaloleni imo katika ukanda wa minazi wa Wagiriama. Ukitoka hapo kuelekea Kayafungo na Mwanamwinga mvua inapungua, minazi inazidi kuwa haba, na watu wanategemea mahindi, mbuzi na ng'ombe. Mnazi ni mali kwa maana kamili ya neno. Unapandwa leo, unangojwa miaka sita au zaidi, kisha unazaa kwa miongo kadhaa hata mjukuu akala. Na kwa desturi ya huku, mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine. Kwa hiyo mti ulirithiwa peke yake, ukauzwa peke yake, ukawekwa rehani peke yake.

Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin alikaa na Wagiriama wa eneo hili, na mwaka 1972 akachapisha kitabu ambacho jina lake linataja vitu vitatu: minazi, tembo (yaani pombe ya mnazi) na mashahidi. Aliona wakulima wachache, wengi wao wakiwa bado vijana, wakinunua minazi na mashamba ya majirani zao ili wauze mbata. Waliouza waliuza hasa kwa sababu mbili ambazo hata leo hazijatuacha, yaani mahari na matanga. Hati hazikuwapo. Ushahidi wa biashara ulikuwa ni wazee waliokuwapo siku ya makubaliano. Miaka ikipita, muuzaji akifa, mwanawe anasimama mbele ya baraza: baba hakuuza, aliweka rehani, nami nimekuja kukomboa. Mnunuzi naye anaapa kwamba alinunua moja kwa moja. Huitwa wazee waseme walichokiona, na neno lao ndilo linaloamua minazi ni ya nani. Ndiyo maana mnunuzi, pamoja na fedha zake zote, hakuthubutu kuwapuuza wazee. Daftari lake lilikuwa kumbukumbu zao, na lilitunzwa kwa heshima, kwa kutembeleana na kwa tembo.

Hapa ndipo methali inapofunguka. Tukiisoma kwa macho ya baraza lile, haizungumzii karatasi. Inasema kwamba mali huhitaji shahidi. Kitu hakiwi chako kwa sababu umekishika tu. Ni chako pale watu wengine wanapoweza kuthibitisha kilivyofika mkononi mwako na kwa masharti gani. Waislamu wa pwani wanalijua hili kutoka sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani. Inaagiza deni liandikwe, dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na washuhudie watu. Inastahili kutafakariwa kwamba aya ndefu kuliko zote imetengewa jambo ambalo vijana wengi huliona dogo: kuandikiana wanapokopeshana.

Ukishakubali kwamba mali huhitaji shahidi, swali la pili ni gumu zaidi. Je, mimi mwenyewe natosha kuwa shahidi wa fedha zangu? Sitoshi, na wewe hutoshi. Kumbukumbu ya mtu ina upendeleo. Inashika siku aliyouza vizuri na kuachilia siku tatu alizokaa bure. Inakumbuka kodi ya chumba kwa sababu ni kubwa na inauma, na kusahau maandazi, vocha na nauli kwa sababu kila moja ni ndogo.

Mnazi wenyewe unafundisha jambo hili. Mgema hupanda juu, hukata ncha ya shada la maua kabla halijafunguka, na kinachochirizika humo ni tembo. Nazi ambazo zingetokana na shada hilo hazitazaliwa tena. Mwenye mti basi ana chaguo: tembo, linaloleta fedha kila siku, au nazi, zinazoangushwa kila baada ya miezi miwili mitatu na kuleta fedha za mkupuo. Wanauchumi husema gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate. Hapa Kaloleni gharama hiyo inaning'inia mtini, mtu anaweza kuinyooshea kidole. Sisemi tembo ni hasara. Wapo wazazi wengi wa pwani waliosomesha watoto kwa mnazi, na wanastahili heshima yetu. Ninachosema ni kwamba fedha ya kila siku ndiyo inayohitaji daftari kuliko fedha yoyote. Ya mkupuo hujitetea yenyewe, maana ikifika watu hukaa kikao, wakapanga bati, karo, ng'ombe. Ya kila siku huja na njaa yake ya siku hiyo. Ikiingia asubuhi, jioni haipo, na hakuna kikao kilichoitwa kuijadili.

Vijana wengi wanaoanza maisha leo wanaishi kwa fedha ya namna hiyo. Tuchukue anayeendesha bodaboda kati ya Mazeras na Kaloleni, na tuseme, kwa mfano tu, kwamba pikipiki ni yake na kwa siku anakusanya shilingi 1,000. Petroli 350, chakula 150. Kichwani mwake amebaki na 500, naye atakwambia hivyo bila kusita. Lakini pikipiki ile aliinunua kwa 150,000, na baada ya miaka minne ya barabara zetu huenda akaiuza kwa 40,000. Hapo 110,000 zimeliwa, ambazo ni 27,500 kwa mwaka. Akifanya kazi siku 300, ni kama shilingi 92 kila siku. Oili, matairi, breki, bima na siku za gereji bado. Faida yake ya kweli inakaribia zaidi 300 kuliko 500, na ile tofauti anaila kila siku akidhani ni jasho lake, kumbe ni pikipiki. Mwaka wa nne mashine imechoka na mfukoni hamna ya kununulia nyingine. Ataambiwa ana mkosi. Mkosi haupo, kuna safu moja ya hesabu ambayo haikuandikwa. Angeiandika, angeweka kando shilingi 100 kila jioni kwa ajili ya pikipiki ijayo, kabla ya kuhesabu kilicho chake.

Namna ya kuandika safu kama hiyo si jambo jipya. Mwaka 1494 mtawa wa Italia aitwaye Luca Pacioli alichapisha huko Venice maelezo ya hesabu za wafanyabiashara wa mji ule. Kiini chake ni kwamba kila kiasi huandikwa mara mbili, kilikotoka na kilikokwenda. Kijana hahitaji shahada ya uhasibu ili afuate kanuni hiyo. Anahitaji kurasa mbili zinazotazamana.

Sasa tuje kwenye simu, maana huko ndiko fedha za kizazi hiki zinakopita. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kila shilingi inayopita humo imeacha ujumbe. Babu yake kijana huyu, aliyetegemea wazee watatu wakumbuke minazi ilihesabiwa mingapi, angestaajabu kuona ushahidi wa namna hii: tarehe, saa, kiasi, jina. Taarifa ya miezi yote unaweza kuiomba kwa kubonyeza *334#. Hata hivyo jumbe hizo huja, hutazamwa salio, na hufutwa ili simu ipate nafasi. Maandishi yasiyosomwa hayana tofauti na shahidi ambaye hajaitwa barazani.

Na katika mikopo ya simu, anayeandika vizuri ni yule anayedai. Jambo hili lina historia ndefu: mwenye duka ana kitabu cha madeni, mteja hana kitu, na siku ya kubishana kauli ni ya mwenye kitabu. Angalia mifano miwili. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, mkopo wake ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Hustler Fund ya serikali ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba yake ilitangazwa kuwa asilimia 8. Kijana anayesoma namba bila kuandika muda kando yake ataona 7.5 ni nafuu kuliko 8. Lakini ile 7.5 ni ya siku 30, na ile 8 ni ya mwaka mzima. Kwa mkopo wa shilingi 2,000, ya kwanza ni shilingi 150. Ya pili, ukilipa ndani ya siku 14 kama ilivyopangwa, ni kama shilingi 6, ingawa utapokea 1,900 mkononi kwa sababu asilimia 5 huwekwa kama akiba yako. Anayekopa 2,000 kwa ada ile ya kwanza, akalipa na kukopa tena kila mwezi, mwisho wa mwaka ametoa 1,800 na bado anadaiwa 2,000 zile zile. Haikuwapo siku hata moja ambayo zilitoka 1,800. Zilitoka 150, kisha 150, kisha 150. Na huduma ya mkopo kama Fuliza, iliyoanza Januari 2019, huhesabu ada kwa siku, kwa hiyo usingizi wako nao unalipiwa. Sipingi mkopo wa kununulia unga wa maandazi yatakayouzwa kesho kwa faida. Napinga mkopo ambao mkopaji hajui bei yake.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wazee watasema kwamba kijana anayeandika kila kitu atakuwa bahili, atahesabu hata sahani ya wali aliyompa mjomba. Utu wa huku umejengwa juu ya kutoa, na shinikizo lake si la kubuni. Parkin aliandika kuhusu baadhi ya wale wanunuzi wa minazi ambao waliugua, wakaaguliwa kuwa wana pepo wa Kiislamu wasiotaka tembo wala nyama isiyochinjwa kwa kanuni za dini, wakasilimu, na tangu hapo wakawa na sababu inayokubalika ya kutokula na kunywa pamoja na majirani. Sidhani walikuwa wakijifanya. Naona ni dalili ya uzito aliokuwa nao mtu aliyetaka kukusanya mali huku amezungukwa na jamaa wenye haki ya kuomba.

Lakini hebu tazama matangani. Pana meza, pana kijana wa mwandiko mzuri, pana daftari. Kila anayetoa huandikwa jina na kiasi, na mwisho hesabu husomwa watu wote wakisikia. Katika vyama vyetu vya kina mama ni vivyo hivyo: katibu huandika, mweka hazina huhesabu, na mkutano haufungwi mpaka vitabu vikubaliane. Hakuna anayesema hao ni bahili. Ingekuwa matusi kwa marehemu mchango wake kukusanywa bila kuandikwa. Jamii hii basi inajua tangu zamani kwamba kutoa na kuandika havigombani. Ajabu ni kwamba kijana yule yule aliyekaa kwenye meza ya matanga akaandika majina ya ukoo mzima hana hata ukurasa mmoja wa fedha zake.

Kwa hiyo nampa jibu hili anayeogopa lawama za ndugu. Tenga fungu la jamaa mwanzoni mwa mwezi, uliandike kwa jina lake kama unavyoandika kodi ya nyumba. Likiwapo, toa kwa moyo mweupe. Likiisha, mwambie shangazi bila kumdanganya: "Shikamoo shangazi, la mwezi huu limekwisha, la mwezi ujao nitakuanza wewe." Atanuna kidogo, na mwezi ujao ataliona neno lako limetimia. Yule anayetoa bila hesabu humpa wa kwanza aliyepiga simu, na mama yake mzazi akiugua wiki ya nne hukuta mkono mtupu. Huyo ndiye asiyetegemeka, hata kama kijiji kinamsifu kwa ukarimu.

Kijana mwenzangu wa Kaloleni, Mariakani au popote unapoanzia maisha, nunua daftari la shule leo. Ukurasa wa kushoto andika kilichoingia na kilikotoka. Wa kulia kilichotoka na kilikokwenda, pamoja na ada ya kutuma na ya kutoa. Ukurasa wa mwisho andika madeni, unayodaiwa na unayodai, na tarehe ya kulipa. Usifute ujumbe wa M-Pesa kabla haujaingia humo. Kisha Jumapili moja kila mwezi mpe mtu unayemwamini alisome mbele yako, mke, mume, kaka au rafiki asiyekuonea haya, na umjibu kila anachouliza.