Paka wa Nyumba Haingwa

Miongoni mwa methali za pwani ambazo siku hizi hutajwa kwa nadra imo hii: Paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza kwa kelele na kwa mkono, kama wanavyoingwa ndege kondeni mpunga unapoanza kuiva. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa binadamu, kwa yule aliyekwisha kuzoeleka nyumbani hata haulizwi tena amefuata nini. Mimi leo nataka kuirejesha kwa paka mwenyewe. Wala si kwa paka yeyote, bali kwa paka mzee aliyeanza kukojoa pasipo mahali pake. Najua wapo watakaotabasamu, wakisema kuwa jambo hili halistahili kukaa jirani na mashairi. Nawaomba subira. Maswali ya utu mara nyingi hutujia kwa mlango wa uani, nasi tumeshika kata na kitambaa cha kupigia deki.

Mwaka 2006 nilikuwa nikifundisha Songea, mkoani Ruvuma, nikapanga chumba katika nyumba ya Bibi mmoja mtaa wa Msamala. Kwa mtu aliyelelewa kisiwani, Songea ni dunia nyingine. Mji umekaa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki imesimama milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanzia safari yake ndefu ya kuijia bahari yetu. Na miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani alale na koti. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kuvuna mahindi. Nyumba ya Bibi ilijaa magunia kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na palipo na magunia ya mahindi hapakosi panya. Ndiyo maana palikuwa na paka.

Alikuwa paka jike, mwenye rangi ya majivu. Bibi hakuwa akihesabu umri wake kwa miaka: alizaliwa, alisema, mwaka ule mjukuu wake alipoanza kutambaa, na mjukuu huyo sasa alikuwa kidato cha pili. Basi paka alikaribia miaka 14, na kwa paka huo ni uzee usio na shaka. Zamani alikuwa akitoka nje usiku, akichimba udongo kwenye bustani ya mboga na kufukia haja yake kwa adabu ambayo paka hahitaji kufundishwa. Kipupwe cha mwaka ule adabu ikavunjika. Kwanza tulikuta rutuba nyuma ya magunia, kisha mlangoni pa jiko. Siku ya tatu, niliporudi kutoka kazini, nilikuta msala wangu, niliokuwa nimeuacha umetandikwa, umelowa na unanuka.

Nakiri nilighadhibika. Kijana naye alikuwa amekwisha kuchoka kufua na kupiga deki, akatoa shauri ambalo wengi wetu, bara na visiwani, tumelisikia likitolewa na tumeliona likitekelezwa: paka atiwe katika kiroba, apelekwe mbali asikoweza kurudi, afunguliwe sokoni. Mimi nilitoa nauli. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Hakutukataza. Alisema tu: "Mwalimu, ninyi Waislamu si ndio mnaompenda paka? Basi niambie, mwanangu, huko atakula nini?"

Bibi alikuwa Mkristo, nami ndiye niliyepaswa kuijua jawabu. Katika Muwatta wa Imamu Malik na katika Sunan ya Abu Dawud kimo kisa cha Abu Qatada. Kabsha, mke wa mwanawe, alimtilia maji ya kutawadhia, akaja paka akitaka kunywa. Mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akakata kiu. Alipomwona Kabsha akishangaa, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Sababu iliyotajwa hapo inafaa kutazamwa vyema. Haikusemwa kuwa paka si najisi kwa sababu anakamata panya. Ilisemwa kwa sababu yumo, anaingia na kutoka, anaishi nasi.

Kisa hicho, hata hivyo, ni cha mdomo wa paka, si cha mkojo wake. Mkojo wake mafakihi wa Kishafii, ambao wengi wetu pwani tunawafuata, wameuhesabu kuwa ni najisi ya wastani: huondolewa aini yake, kisha mahali pale hupitishiwa maji mpaka rangi, ladha na harufu vitoweke. Hakuna kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo, kama ilivyo kwa mbwa. Kwa hiyo sheria ilikuwa imekwisha kuniambia kitu gani kinadai kazi yangu, nacho kilikuwa ni msala. Mimi ndiye niliyeihamisha hukumu kutoka kwenye kitambaa nikamtwisha paka.

Tena ipo ile hadithi mashuhuri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Nilikuwa nikiisoma tangu utotoni nikidhani kosa lake ni kufungia, na kwamba mwenye kumwachia paka huru hana lawama. Swali la Bibi lilinionyesha nilivyoisoma nusu. Paka mzee asiyeweza kuruka wala kukimbiza, ukimwachia sokoni umemfunga vilevile. Kamba yake ni uzee wake. Mwanamke yule na mimi tulitofautiana kwa jambo moja tu: yeye alibaki karibu akayaona matokeo, mimi nilikuwa nikilipa nauli ili nisiyaone.

Lugha yetu nayo inashuhudia jambo hili. Kiswahili kinamtenga paka wa nyumba na paka shume, yule mkali asiyefugwa, ambaye hana wa kumdai wala wa kumdaiwa. Shume aliyezaliwa jalalani amejifunza maisha ya jalalani. Paka wa nyumba aliyetupwa huko akiwa na miaka 14 hawi shume. Anabaki kuwa paka wa nyumba asiye na nyumba, na hali hiyo lugha haikuitungia neno.

Itasemwa kuwa paka aliwekwa kwa kazi, na kazi ikiisha mkataba umeisha. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani ina historia ndefu. Mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kuwa katika kisiwa cha Saiprasi wamefukua kaburi la mtu aliyezikwa na paka kando yake, kaburi lenye umri wa takriban miaka 9,500. Na wataalamu wengi wanaeleza kuwa urafiki wa mtu na paka ulianzia penye nafaka, pale panya walipofuata ghala na paka wakafuata panya. Wahenga wetu nao walisema: Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Lakini hata katika kaburi lile hapakuwa na panya wa kukamatwa. Aliyemlaza paka kando ya maiti alikuwa amekwisha kuvuka hesabu ya ghala.

Plutarko, mwandishi wa Kiyunani, alipoandika maisha ya Cato wa Roma, alimlaumu kwa desturi yake ya kuwauza watumwa waliozeeka ili asilishe wasiofaa kitu. Yeye mwenyewe, alisema, hangemuuza hata ng'ombe aliyezeekea kazini mwake. Akakumbusha habari za Waathene walipojenga hekalu lao kuu: nyumbu waliofanya kazi kwa bidii waliachiwa wakalishe kwa raha, na mmoja wao akawa akirudi kwa hiari yake, akitembea mbele ya wenzake wanaopanda na mizigo kana kwamba anawatia moyo. Wananchi wakaamua alishwe kwa mali ya umma mpaka afe. Mwanafalsafa Kant wa Ujerumani naye alifundisha kuwa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu anastahili kutunzwa hadi mwisho. Ila akasema wajibu huo si kwa mbwa, ni kwa utu wetu wenyewe, kwani anayezoea ukatili kwa mnyama hukauka moyo kwa watu. Namheshimu Kant, ila hapa naona aliishia njiani. Ningemtupa paka yule, utu wangu ungepungua, naam; lakini wa kulala na njaa si mimi. Deni lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ndani ya kiroba.

Tulimfungua. Kijana akamwita bwana mifugo aliyekuwa akizuru mtaa kwa ajili ya ng'ombe na nguruwe. Alicheka kidogo, kisha akampapasa paka kiunoni kwa makini, naye akalia. Viungo vimekakamaa, alisema, na baridi inavizidisha. Kutoka nje usiku na kuruka kizingiti kumekuwa adhabu. Akauliza kama anakunywa maji mengi kuliko zamani. Tulipokiri, alieleza kuwa figo za paka wengi hudhoofu uzeeni, wakanywa sana na kukojoa sana. Na kwamba kisukari, tezi ya shingo na maradhi ya njia ya mkojo huweza kuleta dalili kama hizo, na pengine akili yenyewe husahau njia. Akatuonya tusimpige wala kumsugua pua kwenye mkojo, kwani hajui anaadhibiwa kwa lipi, na hofu humfanya ajifiche pabaya zaidi. Kwa maneno mengine, kile tulichokiita utovu wa adabu kilikuwa malalamiko, naye hakuwa na njia nyingine ya kuyafikisha.

Dawa yetu ilikuwa nyepesi kuliko ghadhabu yetu. Tulilipasua dumu la lita 20 kwa urefu, tukapata vyombo viwili. Ukingo mmoja wa kila chombo tukaupunguza mpaka kimo cha vidole vinne, ili asihitaji kuruka. Fundi seremala wa jirani alitupa maranda bure. Chombo kimoja tulikiweka karibu na jiko penye joto, cha pili nyuma ya magunia, alikokuwa amekwisha kuchagua mwenyewe. Kila asubuhi maranda yalibadilishwa, maana paka hukikimbia choo kichafu kama mtu. Sakafu tuliiosha kwa sabuni na maji mengi, tukaepuka dawa zenye amonia, kwa kuwa harufu yake hufanana na ya mkojo na humwita paka arudi palepale. Hakupona. Mara mojamoja alikosea. Ila nyumba ilikalika.

Sisemi kuwa kila nyumba inaweza haya, wala kuwa paka ni sawa na mtu. Penye mjamzito, kazi ya kusafisha choo cha paka na ifanywe na mwingine, kwani kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni. Penye njaa, mtoto hula kwanza. Na maumivu yakiwa hayana dawa, mtaalamu akimpumzisha mnyama kwa upole, sioni usaliti hapo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imetupa nchini msingi wa kulikataza teso la bure. Lakini hakuna sheria itakayoingia katika kila ua kuuliza kiroba kile kina nini. Swali hilo ameachiwa mwenye nyumba, nalo ni fupi: je, kimekushinda, au kimekukirihi? Kushindwa ni udhuru. Kinyaa si udhuru, kwa sababu kinyaa huisha kwa maji na sabuni.

Paka aliishi mpaka mavuno ya mwaka uliofuata, akafa kando ya jiko. Msala wangu niliufua, nikauanika, na ninao hadi leo.

Mwaka 2013 nilipita tena Songea, nikaenda Msamala kumwamkia Bibi. Miguu ilikuwa imemwishia, hawezi tena kwenda uani peke yake usiku. Kando ya kitanda chake palikuwa na ndoo yenye kifuniko. Mjukuu, mtu mzima sasa mwenye ndevu, aliingia, akaichukua bila kukunja uso, akatoka nayo. Hatukuzungumza habari za paka. Nilimsikia uani akisugua kwa maji mengi. Alipomaliza aliiegemeza ndoo ukutani penye jua, akanawa mikono, ndipo akaja kuniambia: "Shikamoo, mwalimu."